Chuma cha Sulaimani Hakikunjiki

Mvara, Arua
3 Februari 2024

Kwa Baba Sulaimani,

Salamu nyingi kutoka huku, na kwa Mama Shakira pia. Mwambie sambusa alizonifungia zilifika Arua mbili tu, na hizo mbili kazila Poni. Poni ni yule mwenzangu wa ofisini niliyekueleza, binti wa kule Lobule karibu na kwenu, anayechunguza mawe yenye mafuta.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu kwako ni bure. Juzi nilipiga mara tatu, na mara zote ulisema, "Njoo saa nane," ukakata. Nani alitakiwa aje saa nane mimi sijui. Ile mashine ya kusagia vyuma imekula masikio yako, Baba, na bado hutaki kuyaziba hata kwa pamba.

Sasa kazi. Kile kibomba tulichotengeneza pamoja nilipokuja, mimi nimekalia kopo la rangi na wewe unachomelea, kilifika salama. Nilikipima, kikawa gramu mia na themanini. Nikakiweka chini ya mashine ya kukandamiza ya chuo, nacho kikafanya kile nilichomwomba Mungu kifanye. Kilikunjika kuanzia juu, mkunjo baada ya mkunjo, taratibu, kama gunia linavyoketi ukilitoa mahindi. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Naomba vingine ishirini na vinne, sawasawa na kile. Sentimita nne kila upande, urefu kumi na mbili, bati la milimita moja, vizibwe juu na chini, na zile chale mbili za juu zisisahaulike, maana ndizo zinazouonyesha mkunjo pa kuanzia. Tafadhali usiongeze kitu. Hivi ndivyo vitakavyokaa kati ya kinga ya miguu na fremu ya boda. Pikipiki ikigonga, kibomba kinakunjika, na kila kinapokunjika kinakula sehemu ya pigo kabla halijafika kwa mguu wa mtu. Kazi yake ni kufa mahali pa mguu.

Tarehe 18 Julai nitasimama mbele ya watahini. Vibomba vyote vikikunjika kama hesabu zangu zinavyosema, nimepata shahada yangu. Visipokunjika, miaka miwili imekwenda na maji, maana ruhusa yangu ya kutumia mashine inaisha katikati ya Juni na chuo hakitanipa nyingine. Nilikaa kwenu miaka minne ya sekondari na hukuniangusha hata siku moja. Sina wasiwasi.

Binti yako,
Candiru

*

Koboko
21 Februari 2024

Kwa binti yangu Candiru, mtoto wa rafiki yangu Dramadri,

Salaam aleikum. Sisi wazima. Mama Shakira amesikia habari za sambusa na anasema huyo Poni aje mwenyewe ale zilizo moto, asile za safari.

Boksi analo Yasiri, wa gari la asubuhi. Nimemwambia ni vifaa vya serikali ili asilikalie.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikasirika kidogo, sikufichi. Baba zetu kule kambini, tulipokuwa wakimbizi, walitufundisha kuunda vitu, ninyi chuoni mnafundishwa kuvivunja. Haya, dunia ni yenu. Lakini kibomba cha bati jembamba namna hiyo, kitoke mikononi mwangu kiende mbele ya maprofesa? Mlangoni kwangu pameandikwa nini? Na aliyepaandika si wewe mwenyewe, ukiwa kidato cha pili, kwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye geti la kanisa? CHUMA CHA SULAIMANI HAKIKUNJIKI. Watu wanatoka mpaka Congo kwa sababu ya maneno hayo.

Basi nimefanya kama ulivyoagiza, na pale mkono ulipoona vyema kuongeza, umeongeza. Mengine usiniulize. Mpishi hasemi yote aliyoyatia chunguni. Nataka tu siku hiyo ukisimama mbele ya wakubwa usiaibike.

Mwambie Poni akiyapata hayo mafuta yake asinisahau kwa jerikani moja ya jenereta.

Baba yako,
Sulaimani

*

Mvara, Arua
4 Machi 2024

Kwa Baba Sulaimani,

Boksi lilifika bila kasoro. Yasiri alilishusha kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, kwa hiyo ule uongo wako wa serikali umefanya kazi.

Vibomba vyako vimenishangaza. Mashine ilisukuma mpaka ikaanza kulia, na bado havikukubali kirahisi. Poni alikuwepo, naye alishangaa pia. Kazi ya kuchomelea ni safi kiasi kwamba mafundi wa hapa chuoni walikuja kuitazama.

Ningeomba vingine kumi na viwili, Baba, kama hutachoka, hasa kwa kuwa mfungo uko karibu. Safari hii, tafadhali, viwe kama kile cha kwanza kabisa, tulichotengeneza wote wawili. Ninavihitaji kwa kulinganisha.

Mengine ni mazuri. Nafundisha asubuhi, mchana napiga hesabu. Mwambie Mama Shakira asihangaike, ninakula.

Binti yako,
Candiru

*

Koboko
23 Machi 2024

Kwa binti yangu Candiru,

Ramadhani njema hata kwa wewe usiyefunga. Barua yako nimeisoma hapa karakana mbele ya watu wote. Palipoandikwa kwamba mashine ya chuo ililia, nilipasoma mara mbili. Muuza vipuri wa hapo jirani, aliyekuwa akisema mimi ni fundi wa vitanda tu, alikwenda zake dukani.

Nimefurahi, mwanangu. Siku hizi kijana akisoma anaona haya kusema kazi yake imepita kwenye mikono ya mzee asiye na cheti. Wewe hukuona haya.

Hivi hapa kumi na viwili. Nimevitengeneza na njaa yangu ya mchana, lakini kila mshono umenyooka. Kama vile vya kwanza viliifanya mashine ilie, hivi vitaifanya iombe msamaha.

Baba yako,
Sulaimani

*

Mvara, Arua
22 Aprili 2024

Kwa Mzee Sulaimani,

Mimi ni Poni, wa sambusa. Hatujawahi kuonana. Ningeweza kukuandikia kwa lugha yangu, maana Kibari changu na Kikakwa chako vinasikilizana, lakini barua hii siku moja Candiru ataiona na sitaki aseme tulimsengenya. Iwe Kiswahili.

Candiru amenikataza nisikwambie, kwa hiyo nakwambia. Vibomba vyako vimemharibia kazi. Aliposema vimemshangaza alikuwa anakuficha. Havikunjiki. Mashine inasukuma, vinakaza, vinakaza, halafu ghafla vinapinda upande na kuchanika. Kimoja kiliruka kikapasua kioo cha dirisha. Pigo lote vinalipitisha chini kama lilivyokuja, na hilo ndilo asilolitaka. Sasa anaamini hesabu zake za miaka miwili ni za uongo. Anazirudia kila siku kuanzia ukurasa wa kwanza. Chakula anasema amekula, lakini sufuria naosha mimi, najua.

Mimi si mtu wa vyuma. Kazi yangu ni kukadiria jinsi mafuta yanavyopita ndani ya mwamba ulio chini sana, mahali ambapo jicho la mtu halitafika. Wengi wanadhani mafuta yamelala kule chini kama bwawa. Yamo ndani ya jiwe lenyewe, kwenye vitundu vidogo. Na vitundu peke yake havitoshi. Jiwe linaweza kuwa navyo vingi lakini visifunguane, kama nyumba ya vyumba ishirini isiyo na milango, na mafuta yasitoke humo milele. Kwa hiyo tunapima kwa nje. Tunapima jiwe likiwa kavu, tunalipima likiwa limelowa, tunaangalia gesi inachukua muda gani kulipenya, kisha tunakadiria kwa visima ambavyo jiwe lake hatuna. Huu ni mwaka wa tatu nakadiria nisivyoviona. Kama kuna jambo nimejifunza, ni kwamba ukitaka kujua kilichomo ndani, anza na mizani.

Nilimuuliza kama alipima vibomba vyote. Akasema alipima kile cha kwanza tu. Nikamuuliza kwa nini, akanitazama kama nimetukana. "Mkono ya Baba haibadiliki," akasema. "Nikipima moja, nimepima yote."

Basi alipokwenda kufundisha nilivichukua vilivyobaki, nikavipima kwa mizani yangu ya mawe. Kile cha kwanza ni gramu mia na themanini. Vya boksi la kwanza, mia mbili thelathini na tatu. Vya boksi la pili, mia mbili themanini na sita. Mzee, kila boksi limeongezeka gramu hamsini na tatu, bila kukosea. Hilo si bati kuwa nene kwa bahati mbaya. Ndani humo kuna kitu.

Naweza kuchukua msumeno nikate kimoja, nikaona. Sikukata, kwa sababu naona ni heri ayasikie kwako kuliko kuyaona kwenye msumeno wangu. Lakini siku zinakwenda, mashine inafungwa kwake katikati ya Juni. Mwandikie.

Wako,
Poni

*

Koboko
29 Aprili 2024

Kwa Candiru,

Mwenzako Poni ameniandikia. Usimgombeze. Yule ni mtoto mwenye akili na mdomo wa kwetu.

Ndiyo, nimeweka nondo. Boksi la kwanza nondo mbili za milimita sita, kona kwa kona. Boksi la pili nikaweka nne. Nilizichomelea kwa ndani kabla ya kuziba, ndiyo maana hukuziona. Nilifanya hivyo kwa ajili yako. Nilijua vitawekwa kwenye mashine mbele ya watu, nikasema mtoto huyu hajui aibu ya kitu chako kupondeka watu wakitazama. Mimi naijua.

Lakini na mimi nina neno. Wewe ulifanya nini? Uliniandikia kwamba vimekushangaza, kwamba mafundi walikuja kutazama. Mimi nikasimama mbele ya watu nikaisoma barua hiyo kwa sauti. Kumbe wewe uko huko unalia na mimi huku najisifu. Ungeniambia siku ile ile, Baba umekosea, ningekasirika siku mbili, ya tatu ningechukua nyundo. Sasa nimekuwa mzee wa kudanganywa kwa maneno matamu kama mgonjwa.

Na hivyo vibomba vya kukunjika sitaki kuvitengeneza. Miaka thelathini na nane nimechomelea hapa. Sijawahi kutoa kitu nikitarajia kivunjike. Tafuta fundi wa Arua, huko wako wengi wanaotengeneza vitu vya kuvunjika bila hata kuombwa.

Sulaimani

*

Mvara, Arua
4 Mei 2024

Kwa Baba yangu Sulaimani,

Nimekosa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kubwa. Nilipoona vibomba vinakataa kukunjika, jambo la kwanza nililofikiri ni hesabu zangu, na la pili ni wewe ukisoma barua inayosema umekosea. Nikaona heri nikose mimi. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Poni anasema sote wawili tulikuwa tunachomelea nondo kwa ndani halafu tunaziba, na siku hiyo nilimchukia kidogo kwa kusema kweli.

Halafu kosa langu la kazi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba unapima kila kitu kabla ya kukivunja. Mimi ninayewafundisha hilo sikupima. Hilo si lako, ni langu.

Lakini Baba, usipoteze hasira yako kwa kunituma kwa fundi mwingine. Nikienda kwake atanitengenezea, nami nitapata shahada, na kila nikiitazama nitakumbuka kwamba hukutaka. Sitaki hivyo.

Naomba unisikilize jambo moja ambalo mtoto hapaswi kumwambia mzazi. Pale karakana, juu ya dirisha, umeitundika ile kinga ya pikipiki ya Kamisi wa boda. Kila mteja akiingia unamwonyesha. Unasema Kamisi aligonga lori la mkaa barabara ya Yei, pikipiki ikaharibika yote, lakini kinga haikupata hata mkwaruzo. Nimekusikia ukisimulia zaidi ya mara ishirini. Kwa nini haikupata mkwaruzo, Baba? Pigo lilikuwepo. Kama chuma hakikulichukua, lilikwenda wapi?

Nenda kamuulize Kamisi. Mimi sitasema zaidi.

Binti yako, ukiwa bado unakubali,
Candiru

*

Mvara, Arua
25 Mei 2024

Kwa Baba Sulaimani,

Wiki tatu. Kila asubuhi namsubiri Yasiri pale anaposhusha mizigo na kila asubuhi ananionyesha viganja vitupu. Jana alisema alikupita karakana umefunga mlango mchana kweupe. Je, ni ugonjwa? Kama ni mimi, nisamehe kwa niliyoyaandika juu ya Kamisi. Sina haki ya kumfundisha mtu aliyenifundisha kushika koleo.

Kazi yangu usiiwaze. Nimeshakwenda kumwona fundi mmoja hapa karibu na soko. Ametengeneza vitano, na hakuna viwili vinavyofanana. Sijui nitafanyaje, lakini nitafanya.

Niandikie hata mstari mmoja kwamba mko wazima.

Candiru

*

Koboko
3 Juni 2024

Kwa binti yangu Candiru,

Niko mzima. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu sikutaka watu waone ninachofanya humo.

Nilikwenda kwa Kamisi. Siku kumi zilipita kabla sijakwenda, na hilo naliandika ili ujue kiburi cha mzee kina uzito gani, mwambie Poni aupime. Nilimkuta anaosha pikipiki. Mguu wa kulia ameunyoosha pembeni kama mti, maana goti halikunjiki tena. Nilikuwa nimeuona mguu huo miaka miwili na sijawahi kuuona. Nikamwambia, leo nisimulie ile ajali tena. Akaanza na kinga, kama mimi ninavyoanza. Nikamwambia hapana, anza na mguu.

Akasema kinga ilisimama imara pale pale, na pikipiki nzima ikageuka juu yake, na mguu wake ukabaki katikati. Ukavunjika mahali pawili, na nyonga ikahama. Halafu akasema, na hili alilisemea karibu na sikio langu ili nisilikose: "Mzee, watu yote nauliza tu habari ya chuma. Ya mguu, mutu ya kuuliza hakuna."

Candiru, nimeishi na vyuma mpaka nimesahau kwamba vinamkinga mtu. Nilirudi nikaitoa ile kinga dirishani. Mama Shakira alipoona ninaikata vipande alidhani nimepata homa.

Baada ya hapo nikaanza vibomba vyako, na hapo ndipo nilipojua sijui kazi. Kutengeneza kitu kigumu ni rahisi, ukiwa na shaka unaongeza. Kitu laini hakina pa kujificha. Moto ukizidi kidogo bati linatoboka, ukipungua mshono unaachia. Chale moja ikiwa ndefu kuliko mwenzake, kinakunjika kwa upande. Nilivivunja kwa jeki ya lori, kimoja kimoja, nione vinakwendaje. Thelathini na kimoja vya kwanza ni vya kutupa. Fundi wa miaka thelathini na nane, nilirudi kuwa mwanafunzi, na usiniambie ulicheka.

Hivi hapa ishirini na vinne. Nilikwenda kwa muuza dhahabu wa hapa mjini nikamwomba mizani yake. Alidhani nina madini. Kila kibomba nimekiandika uzito wake kwa chokaa. Ukikuta kilichozidi mia na themanini na moja, kirudishe. Ndani hamna kitu. Poni akitaka kukata na akate.

Huyo fundi wa soko mlipe stahili yake na umwache.

Baba yako,
Sulaimani

*

Mvara, Arua
20 Julai 2024

Kwa Baba Sulaimani,

Juzi ulikaa mstari wa nyuma saa mbili nzima na najua hukusikia hata neno, halafu Yasiri akakuondoa kabla wakubwa hawajatoka kutoa uamuzi. Kwa hiyo kwanza: nimefaulu. Nimefaulu, Baba. Natamani ningekupigia kelele hiyo sikioni, lakini hata karatasi itatosha.

Sasa nikueleze ulichokiona. Yule mama mfupi mwenye miwani, mtahini kutoka nje, ndiye aliyenibana. Aliuliza kwa nini nina vibomba thelathini na sita visivyofuata maelezo yangu mwenyewe. Ningeweza kuvificha tangu mwanzo. Poni alinishauri nifikiri. Nikafikiri, nikaamua hakuna tena kuziba. Nikasema kweli yote: kwamba sikupima, kwamba fundi wangu aliongeza nondo kwa kunihurumia, nami nikanyamaza kwa kumhurumia. Watu walicheka, lakini yule mama hakucheka. Aliniambia niweke mchoro wa nguvu ya mashine kwa vile vigumu juu ya mchoro wa vile laini. Ukiitazama hiyo michoro miwili, hata mtoto anaelewa. Wa vigumu unapanda kama mlima kisha unaanguka. Wa laini unatambaa sawa mpaka mwisho, na hapo katikati ndipo pigo linapoliwa. Akasema bila vile vya makosa, vya sahihi visingeeleza jambo hata nusu. Nimeviandikia sura nzima.

Halafu lile ulilolielewa vibaya. Mwanamume mrefu wa kushoto alisoma orodha ya uzito, akauliza ni mashine gani iliyotengeneza vibomba ishirini na vinne ambavyo havipishani hata gramu mbili. Nikasema hakuna mashine, ni mkono, na mwenye mkono ni yule pale nyuma. Wote wakageuka. Ukasimama ukachukua kofia yako. Baba, hukuwa unafukuzwa. Walikuwa wanakupigia makofi. Poni ndiye aliyekushika koti, na anasema ulimwambia kwa lugha yenu kwamba unajua njia ya kutoka mwenyewe.

Nakupenda. Sijawahi kuandika neno hilo kwenye barua na nimeliandika kwa kalamu isiyofutika.

Poni naye ana habari. Makadirio yake ya kisima kimoja yamelinganishwa na jiwe lililotolewa chini kweli kweli, na yamekaribiana. Siku mbili sasa anatembea huku akiimba.

Binti yako,
Candiru

*

Koboko
12 Oktoba 2024

Kwa binti yangu mwalimu Candiru,

Kumbe yalikuwa makofi. Mama Shakira ameisoma barua yako na sasa kila nikichukua kofia ananipigia makofi.

Hapa kazi inakwenda, ingawa si kama zamani. Wiki hii walikuja wawili wanataka kinga nzito. Niliwaeleza habari ya vibomba, mmoja akaondoka kwenda kwa fundi mwingine. Aende. Mwingine alikaa akasikiliza, akaagiza.

Niliporudi kutoka Arua, mtu wa kwanza niliyemfungia kinga mpya ni Kamisi, vibomba viwili, kushoto na kulia. Hakuipenda. Aliigonga kwa vidole, akasikia inavyolia, akanitazama kwa huruma, akaona uzee umenifika. Kwa heshima tu akaondoka nayo.

Jana asubuhi nikiwa nachomelea niliona kivuli mlangoni. Ni Kamisi, amejaa vumbi mpaka nyusi, shati limechanika, uso umeiva kwa hasira. Ameishika kinga mkononi. Vibomba vyote viwili vimekwisha, mkunjo juu ya mkunjo, vifupi kama vizibo. Kumbe alikuwa anashuka pale darajani na mzigo wa sabuni, breki ikakataa, akaenda nayo yote kwenye ukingo wa daraja, upande wa ule mguu mzima. Pikipiki ameiacha huko huko.

Aliitupa kinga mbele yangu na akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia: "Mzee, hii kitu yako iko bovu. Nagonga mara moja tu, imekwisha yote. Ile ya zamani haikuwa hivi."

Nikamuuliza amefikaje hapa. Akasema kwa miguu, atakuja kwa nini kingine, na akaendelea kunigombeza habari ya chuma changu kibovu mpaka majirani wakatoka. Nilizima mashine, nikavua miwani ya moto, nikaketi juu ya kopo la rangi nimsikilize vizuri. Alinitukana karibu nusu saa akiwa amesimama.

Baba yako,
Sulaimani